Mashine inakufa ukiongeza resi: acha kabureta, badilisha tangi kwanza

Mkuu, weka chini hiyo bisibisi. Umeandika mwenyewe kwamba mashine yako ya boti, ile ya kuchanganya oili na petroli, inawaka vizuri, inatulia kwenye sailensa (mwendo wa chini bila kuipa resi), ila ukiipa resi kamili inakwenda dakika chache, inalegea, inazima, na ukisubiri kidogo inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi kakwambia ni kabureta. Sasa unauliza ununue mpya au ya mtumba, na propela ipi inafaa ukipakia mzigo. La propela liache kwanza. Kabureta usinunue, iwe mpya au mtumba, mpaka umalize kusoma hapa.

Njia hiyo nimeipita mpaka mwisho wake. Mwisho wake ni pistoni iliyong'ang'ania silinda, boti yako inavutwa kwa kamba na boti ya mtu mwingine, na abiria wako wanatazama upeo wa macho kwa heshima.

Dalili zilikuwa hizo hizo zako. Fundi wa kwanza alisikiliza mashine ikiwa imefungwa kwenye pipa la maji, akasema kabureta chafu. Tukasafisha. Kwenye pipa ikanguruma vizuri, kila mtu akapongezana. Ndiyo, kwenye pipa lazima ingurume vizuri, maana haina mzigo, na isiyo na mzigo inakunywa mafuta kidogo sana! Kule nje, resi kamili, ikafa vilevile. Nikanunua kabureta mpya. Ikafa na kabureta mpya. Nikabadilisha plagi, coil inayoipa plagi umeme, na pampu ya mafuta ya kwenye mashine. Kwa muda ule nilikuwa na mashine yenye spea mpya kuliko zilizokuwa dukani, na bado haikufika ninakokwenda.

Hapo ndipo mjuzi mmoja akanipa ushauri ambao nikiukumbuka bado damu inachemka: "Ipe moto wa kutosha, itajisafisha yenyewe." Nami nikamsikiliza, mtu mzima mwenye akili zangu timamu. Kila ilipolegea nikaisukuma zaidi.

Sikilizeni nyote mnaotumia mashine za kuchanganya oili. Oili ya kulainisha pistoni inaingia pamoja na petroli. Kama mchanganyiko wenu ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, basi petroli ikipungua kufika, na oili imepungua hivyo hivyo. Wakati huo huo mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko mafuta na joto la silinda linapanda. Joto limepanda, ulainisho umeshuka, resi iko juu. Pistoni inatanuka, inaanza kukwangua ukuta wa silinda, kisha inashika. Yangu ilishika. Hakuna cha kujisafisha pale, kuna kunoki tu. Mashine ikianza kulegea kwa kukosa mafuta, rudisha resi chini papo hapo. Hata kama nyuma yako kuna mtu anayejua kila kitu.

Na ugonjwa ulikuwa nini? Kipande cha mpira wa mafuta kati ya tangi na puto la kubinya, lile la kwenye mpira unalolibinya kwa mkono kupeleka mafuta kwenye mashine. Kipande kifupi cha mpira.

Nilikinunua kwa muuza spea aliyeniambia, nanukuu, "mpira ni mpira." Kwa nje ulikuwa mweusi, laini, unang'aa, huwezi kuutilia shaka. Tulipoupasua kwa urefu baada ya msiba, utando wa ndani ulikuwa umebanduka na kuning'inia. Mpira usiotengenezwa kwa petroli hufanya hivyo, na petroli yenye ethanoli huharakisha. Mashine ikiwa kwenye sailensa inavuta mafuta kidogo, yanapenya pembeni ya ule utando bila shida. Ukiongeza resi, pampu inavuta kwa nguvu, utando unanyonywa na kuziba njia. Mashine inakwenda na akiba iliyomo kwenye puto, chujio na bakuli la kabureta, kisha inalegea. Ikizima, mvuto unaisha, utando unalegea, mafuta yanapita, nayo inawaka tena. Ndiyo maana inakuja na kuondoka, na ndiyo maana kila ukimpelekea fundi inamchekea.

Kinachoniuma zaidi: mpira ule ulikaguliwa! Fundi aliuchomoa upande wa puto, akapuliza kuelekea kwenye tangi, hewa ikapita, akasema mzima. Bila shaka ilipita. Alipuliza kinyume, utando ukafunguka. Mafuta hayaendi upande huo, baba.

Sasa sheria yangu, na sina nyingine: KABLA HUJAFUNGUA KITU CHOCHOTE KWENYE MASHINE, IENDESHE KWA TANGI JINGINE. Nasema tangi jingine lenye mpira wake, puto lake na viunganishi vyake, vyote vinavyojulikana kuwa vizima. Azima kwa mwenzako. Weka petroli safi yenye oili kwa kipimo cha mashine yako, legeza skrubu ya hewa kwenye kifuniko, chomeka moja kwa moja kwenye mashine. Hilo tangi lijazwe nchi kavu, usilijazie ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini kwenye sakafu ya boti ukisubiri cheche. Kisha nenda na mzigo ule ule, resi ile ile, na muda upite ule ambao kwa kawaida huwa imeshakufa. Ikiendelea vizuri, mashine yako haina kosa, na kabureta yako haina kosa. Ugonjwa uko kati ya tangi lako na kile kiunganishi cha mwisho. Utakuwa umeondoa nusu ya washukiwa bila kufungua hata nati moja.

Ukikosa tangi la kuazima, angalau tazama puto. Miezi yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyelitazama likiwa kazini! Mtu mmoja ashike usukani, mwingine akae karibu na puto mashine inapoanza kulegea. Puto likibonyea na kushikana, kuna kizuizi kabla yake: skrubu ya hewa imefungwa, chujio la kwenye bomba la ndani ya tangi limeziba, au mpira kama wangu. Anza na skrubu ya hewa, maana tangi lisilopumua ni kama chupa ya soda unayoinyonya kwa mrija huku umebana mdomo wote. Mwishoni hakiji kitu. Ukifungua kifuniko ukasikia hewa ikiingia kwa kishindo, umemaliza, nenda nyumbani. Puto likibaki gumu huku mashine inakufa njaa, kizuizi kiko mbele yake. Likiwa legelege na halikazi hata ukilibinya, kuna hewa inaingia mahali, au vali za ndani zimechoka. Na ukilibinya, lisimamishe, mshale ukitazama juu. Mshale siku zote unaelekea kwenye mashine. Usicheke, nimeona lililofungwa kinyume.

Ukilibinya wakati mashine inalegea, nayo ikarudisha nguvu, ni mafuta. Isiporudi, na ilikatika ghafla kama imezimwa swichi, hapo ndipo uanze kufikiria umeme, maana coil nayo ikipata moto huzima na ikipoa hurudi. Njaa ya mafuta kwa kawaida hulegea na kuyumba kwanza.

Hewa inayoingia ndiyo mchawi wa pili. Upande wa kuvuta, penye tundu dogo mafuta hayadondoki nje, hewa ndiyo inayoingia, kwa hiyo ukitafuta unyevu wa petroli huoni kitu. Mara nyingi ni oringi, vile vipira vya duara vya kuzuia kuvuja, za kwenye viunganishi vya kuchomeka, au klampu iliyokaza upande mmoja tu. Funga kwa muda kipande kifupi cha mpira wa kuonyesha ndani, kinachohimili petroli, karibu na mashine, uangalie kama kuna mapovu. Kitoe ukimaliza, hicho si cha kuishi nacho.

Nani aliyesema kabureta, tena? Kabureta chafu kwa kawaida husumbua kwenye sailensa, kwa sababu vitundu vya mwendo wa chini ndivyo vyembamba zaidi, na husumbua kila siku, haina likizo. Yako inatulia kwenye sailensa na inakufa kwenye resi baada ya muda. Fundi aliyesikia maelezo hayo na bado akakimbilia kabureta ama hakukusikiliza, ama ana kabureta anayotaka kuiuza.

Kama tangi la kuazima nalo halikusaidia, hapo nakuruhusu uguse mashine. Anza na chujio la pale pale na maji yaliyotuama ndani yake, kisha dayaframu ya pampu ya mafuta, ule utando mwembamba unaosukuma mafuta. Dayaframu hiyo inasukumwa na mapigo ya shinikizo kutoka kwenye kasha la krenki, chini ya pistoni; ikichanika mafuta yanapenya upande wa mapigo. Fungua, itazame kwenye mwanga. Kabureta ndiyo ya mwisho kwenye foleni.

Mpira mpya nunua ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa mafuta na wa boti. Usipokuwa na maandishi, muachie muuzaji amwagilie bustani yake. Na usiende resi kamili tena mpaka umepata jibu, hata ukiwa umechelewa.

Ukirudi hapa tuambie jambo moja tu: ilipolegea, puto lilikuwa gumu, legelege, au limebonyea?