Zungumzieni jukwaa kabla ya ndoa

Kama wewe na mpenzi wako nyote ni wanamuziki, na kwao hawakutaki kwa sababu ya ukoo wako, nakuomba jambo moja. Msimalize nguvu zote kwa wazee. Kaeni wawili mwulizane: siku mmoja wetu akipigiwa makofi zaidi ya mwenzake, itakuwaje nyumbani?

Nayasema haya kwa niliyoyaona Chennai, nilikokwenda kutoka Unguja kujifunza fidla ya Karnatiki, muziki wa kale wa kusini mwa India. Kule mpiga fidla hukaa chini, kichwa cha fidla kikiegemea kifundo cha mguu wa kulia, vidole vya kushoto vimepakwa mafuta kidogo ili viteleze. Kwa mwalimu wetu walikuwepo wawili waliopendana: binti wa Kibrahmani, tabaka la juu kabisa la Kihindu, mwimbaji, na kijana wa fidla kutoka Isai Vellalar, jamii ambayo kwa vizazi imepiga nadaswaram, zumari ndefu ya mahekaluni.

Baba wa binti alikuwa akifumba macho kwa raha kijana akipiga raga, mpangilio wa noti wa muziki huo. Lakini ikija kahawa, kijana alikuwa na bilauri yake ya chuma, inakaa peke yake dirishani. Nami nilipewa ya kwangu, ikawekwa palepale. Basi ukisifiwa sebuleni kwa watu, usidhani posa yako imekubaliwa.

Tabaka limeingia hadi kwenye ala. Mridangam, ngoma inayomsindikiza mwimbaji, huwambwa kwa ngozi ya ng'ombe, mbuzi na nyati wa kufugwa. Mafundi wengi wanaoiwamba ni Wadalit, watu waliotengwa chini ya matabaka yote, na wapigaji wengi wenye majina makubwa ni Wabrahmani. M. S. Subbulakshmi, aliyezaliwa Madurai mwaka 1916, alitoka jamii ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu. Mwaka 1940 aliolewa na T. Sadasivam, Mbrahmani, ambaye ndiye aliyeisimamia kazi yake. Mwaka 1968 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Sangita Kalanidhi, heshima kubwa kabisa ya Karnatiki. Sisi wa pwani hatuna haki ya kushangaa: Siti binti Saad naye alisimangwa kwa asili yake ya kitumwa, na waliomsimanga wakazinunua sahani zake za santuri zilizorekodiwa Bombay.

Sasa kiburi, ambacho nakiogopa zaidi. Jioni moja wale wawili walipiga pamoja kwenye ukumbi mdogo. Ikafika sehemu ya kubuni noti papo kwa papo, mwimbaji anatoa, fidla inajibu. Binti akatoa hesabu ngumu ya mapigo ambayo hawakuifanyia mazoezi. Kijana akaijibu yote, akaongeza ya kwake, na ukumbi ukalipuka. Tulirudi na bajaji moja, mimi katikati, hakuna aliyesema neno. Kushuka tu, binti akamwambia: "Watu wenu mmezoea kupiga kwa kelele." Matusi yote ya nyumbani kwao, ambayo alikuwa akiyalilia usiku, yalikuwa yamemtoka kinywani mwake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wivu wa jukwaani ukikosa silaha huokota ukoo. Na hata pasipo tabaka wivu huo unatosha. Annapurna Devi, binti wa Ustadh Allauddin Khan, mwalimu mkubwa wa muziki wa kaskazini mwa India, aliolewa na Ravi Shankar mwaka 1941. Walipiga pamoja miaka ya 1950, mumewe sitar, ala ya nyuzi ya shingo ndefu, na yeye surbahar, dada yake sitar mwenye sauti nzito, kisha akaacha kupiga hadharani. Baadaye alieleza kwamba alinyamaza ili kuiokoa ndoa, na ndoa ikavunjika hata hivyo. Kila nikifikiria surbahar ile naumia. Mpenzi wako akikuomba uache kupiga ili nyumba itulie, kataa siku hiyohiyo.

Wale wenzangu walikaa, wakasemezana kwa ukali, wakapatana haya matatu. Kosa la jukwaani halisemwi usiku uleule, linasubiri asubuhi. Msimu wa Desemba, ambapo Chennai nzima ni maonyesho, kila mmoja anapiga na kundi lake. Jina la ukoo halitajwi kwenye ugomvi, hata kwa fumbo. Mimi na mume wangu, naye mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, tumeyachukua mawili ya mwanzo kama yalivyo.

Baada ya hapo ndipo mwende kwa sheria. India ipo Sheria Maalumu ya Ndoa ya mwaka 1954, inayowaruhusu watu wa dini au tabaka tofauti kuoana kiserikali. Ila tangazo la nia yenu hubandikwa ofisini siku 30, na mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi au kupeleka habari nyumbani. Tafuteni wakili kabla ya kujaza fomu, na kila mmoja awe na mahali salama pa kulala mwezi huo. Ala zenu zitoeni mapema kwa wazazi, kwa sababu kitu cha kwanza kufungiwa kabatini huwa ni fidla.