Cheti kipya, seva zimenuniana

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza seva za chama cha akiba na mikopo: kituo kikuu Dar es Salaam, cha dharura Dodoma. Tangu Jumatatu Site Recovery Manager (programu ya kuhamishia kazi kituo cha dharura) inadai haiioni vSphere Replication (inayonakili mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu, kwenda kituo hicho), ilhali ping, jaribio la kuona kama seva inaitika mtandaoni, inapita. Nimezima na kuwasha mara tatu.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Hebu iache hiyo swichi ipumzike. Wikendi iliyopita kuna aliyebadilisha cheti (kitambulisho cha kidijitali) cha vCenter, programu kuu ya kusimamia mashine pepe? Niliwahi kukesha nikikagua nyaya, kumbe mwenzangu alikibadilisha Ijumaa jioni akaenda zake harusini, simu kazima.

vSphere Replication huikumbuka vCenter kwa alama ya cheti chake. Cheti kikibadilika, inamkana mwenyeji wake mchana kweupe. Fungua ukurasa wa usimamizi wa vSphere Replication, poti (mlango wa mtandao) 5480, uisajili upya kwenye vCenter na ukubali cheti kipya. Ifanyie Site Recovery Manager vivyo hivyo, kisha unganisha tena vituo viwili. Kama mwanzoni mlitumia jina kamili la seva, sasa usiandike namba ya IP.

Ping isikudanganye, haigusi poti yoyote. Data za mashine pepe hupita 31031, zikisimbwa (zikifichwa kwa msimbo) hupita 32032. Mwulize mtu wa fayawoli, ukuta wa ulinzi wa mtandao, kama poti hizo ziko wazi. Tazama na saa za seva pande zote mbili kama zinalingana.

Ila usifute urudufishaji uliopo ukidhani utaanza upya haraka. Unaweza kujikuta unanakili diski nzima hadi Dodoma.