Barua kwa Mwanangu: Utakatifu Wetu Unamfaa Nani?

Mwanangu mpendwa,

Shalom. Barua yako nimeipata. Unasema wenzako huko Nairobi wanakuuliza: nyinyi Wayahudi ni wachache, hamhubiri wala hamtafuti waumini, sasa utakatifu wenu unamfaa nani?

Fungua Mambo ya Walawi sura ya 19. Mungu anatuambia tuwe watakatifu kwa kuwa yeye ni mtakatifu. Anataja Sabato na sadaka, halafu mara tumefika shambani: usivune hadi pembeni kabisa, mwachie maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Mwisho wa sura ni mizani ya haki.

Umekulia Nyandarua, lumbesa unaijua: gunia la viazi lililorundikwa na kufumwa kamba juu, limepita mbali kilo 50 za sheria, na mkulima analipwa gunia moja tu. Hapo ndipo mimi naona Uyahudi wetu unapimwa. Jirani yangu Mkristo hanidai nimbadilishe dini. Wahenga wetu wamefundisha kwamba wana wa Nuhu, yaani wanadamu wote, wana amri zao saba, na wenye haki wa mataifa yote wana fungu lao katika ulimwengu ujao. Anachonidai jirani huyo ni kwamba nikinunua viazi vyake nisimpunje.

Waangalie ndugu zetu Abayudaya, Wayahudi wa Mbale kule Uganda. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, wakasali kwa kujificha. Baada ya mateso yale nani angewalaumu wangejitenga? Lakini mwaka 2004 mmoja wao, J.J. Keki, aliwaendea majirani Waislamu na Wakristo, wakaanzisha pamoja ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera. Hakuna aliyeombwa aache imani yake. Kila nikikumbuka jambo hilo moyo wangu hujaa.

Sala usiziache, mwanangu. Ijumaa jioni mama yako akishawasha mishumaa, jembe na hesabu za deni vyote vinawekwa kando, na Torati inaagiza mtumishi, mgeni na hata ng'ombe wapumzike nasi. Bila siku hiyo ningewasahau upesi sana.

Umeniandikia kwamba sasa una kijana wa kukusaidia dukani. Mlipe jioni ile ile anapomaliza kazi, hata kama mauzo ya siku yamekuwa mabaya.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako