Sungura wangu, kitabu chao: nani mwenye hakimiliki?

SWALI: Habari wakili. Sisi ni wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Wawili tunachora na kutengeneza animesheni, mmoja anaandika msimbo wa programu, mwingine anashughulikia sauti. Kupitia idara yetu, kampuni ya vitabu vya watoto imetupa mradi: mtoto akielekeza simu kwenye picha ya kitabuni, sungura anaruka na kuanza kusimulia ngano ya Kikamba. Barua ya kampuni inasema “matokeo yote ya mradi yatakuwa mali ya kampuni”. Mhadhiri wetu naye anasema chuo kina sehemu yake. Huyo sungura nilimchora nikiwa mwaka wa kwanza, kabla ya haya yote. Ni wa nani? Na tutaruhusiwa kuonyesha kazi hii tukitafuta ajira?

JIBU: Sungura ni wako, kwa sasa. Ukitia sahihi barua hiyo jinsi ilivyo, kesho utalazimika kubishana kuwa hakuwa sehemu ya “matokeo yote”.

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinampa mtunzi hakimiliki kwanza. Halafu kinaongeza jambo ambalo wasanii wengi hawalijui: kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Watu hudhani kwamba pasipo mkataba, kazi hubaki kwa msanii. Kwa kazi ya kuagizwa hapa Kenya, mambo ni kinyume. Mkinyamaza, anayenufaika ni aliyeagiza. Barua yenye maneno makali hunipa kazi ya kurekebisha. Mradi usio na barua ndio hunitia wasiwasi.

Kuhusu chuo: kazi ya mwajiriwa huenda kwa mwajiri, kwa hiyo alichochangia mhadhiri wenu kikazi kinaweza kuwa cha chuo. Ninyi hamjaajiriwa. Ila vyuo vingi vina sera ya mali bunifu, na huenda mliikubali kwa sahihi siku ya kujisajili, katikati ya fomu ya bweni na ya maktaba. Iombeni muisome, hasa panapotajwa miradi ya wafadhili wa nje na matumizi ya vifaa vya chuo. Mwombeni mhadhiri, kwa heshima zote, awaonyeshe kipengele anachokitegemea.

Nairobi imezoea vyuo na kampuni kushirikiana upande wa teknolojia. Chuo Kikuu cha Strathmore kina kituo cha @iLabAfrica, Chuo Kikuu cha Nairobi kina C4D Lab, na kampuni ya kompyuta ya IBM ilifungua maabara yake ya utafiti katika Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki (CUEA) mwaka 2013. Huenda ndiyo sababu mikataba ninayoletewa mezani mara nyingi inamfikiria mhandisi na hataza zake (haki za uvumbuzi), msanii akawa amepachikwa baadaye. Mradi wenu unachanganya uhandisi na sanaa, na kila kipande kina mtunzi wake kisheria. Mchoro ni wa aliyechora. Programu ya kompyuta huhesabiwa kuwa kazi ya maandishi, lakini mtunzi wake kwa tafsiri ya sheria ni aliyekuwa na usimamizi wa utengenezaji wake. Si lazima awe yule aliyekesha akichapa msimbo. Kwa kazi za sauti na picha, mtunzi ni aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Kwa hiyo ikiwa kampuni ndiyo iliyopanga ratiba, ikalipia studio na kuchagua wasimulizi, ina hoja juu ya animesheni hata kabla hatujafika kwenye suala la kuagiza.

Badala ya “matokeo yote”, pendekezeni maneno kama haya:

“Kazi ambazo kila upande ulikuwa nazo kabla ya mradi, zilizoorodheshwa katika Kiambatisho A, zitabaki mali ya upande huo. Kampuni inapewa leseni ya kuzitumia katika kitabu hiki na programu yake pekee. Hakimiliki ya michoro na animesheni zilizotengenezwa kwa ajili ya mradi itahamia kwa kampuni malipo yote yakishakamilika. Watunzi wanaruhusiwa kuonyesha kazi hii kama sampuli baada ya kitabu kuchapishwa.”

Uzito uko kwenye Kiambatisho A. Mweke sungura humo kwa picha, jina la faili na tarehe. Hifadhi faili la asili lenye tabaka zake zote, maana picha uliyotuma WhatsApp haithibitishi mengi. Mwandishi wa msimbo naye asifute historia yake ya Git, ile kumbukumbu ya kila badiliko alilofanya. Kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si sharti la kuwa na haki, lakini cheti husaidia ubishi ukizuka. Andikeni pia kama kampuni itapewa faili za asili au zile zilizokamilika tu. Wasipoambiwa mapema, watazidai siku ya mwisho kana kwamba zilikuwemo kwenye bei.

Kabla ya kuahidi kumpa mtu kazi, hakikisheni mnaruhusiwa kuitoa. Toleo la wanafunzi la Maya, programu ya kutengeneza animesheni, ni la kujifunzia, halikutolewa kwa kazi za biashara. Blender, programu nyingine ya animesheni, haina tatizo hilo: yenyewe iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, lakini mnachotengeneza nayo ni chenu. Msimbo wa kuazima mtandaoni ndio unaotaka jicho kali. Wenye leseni ya MIT, nayo ni ya programu huria, huwataka tu mhifadhi tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni. Wenye GPL, mkiuunganisha ndani ya programu mnayosambaza, unadai programu nzima itolewe kwa masharti hayo hayo, pamoja na msimbo wake. Sidhani mchapishaji wenu amejiandaa kwa hilo. Kagueni na leseni za fonti, yaani maumbo ya herufi mnayotumia.

Na ile ngano? Tangu 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na utamaduni wa jamii, nayo inataka ridhaa ya jamii kabla ya matumizi. Kuwa na Mkamba mmoja kwenye kikundi si ridhaa ya jamii. Mzigo huo kampuni iubebe, na mkataba useme hivyo. Kama mmerekodi sauti ya nyanya wa mtu, pateni idhini yake kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusika hapo.

Haki yako ya kutambuliwa kuwa mtunzi inabaki hata hakimiliki ikihama; hicho ni kifungu cha 32. Lakini kutajwa jina hakukupi ruhusa ya kuibandika kazi kwenye tovuti yako, ndiyo maana nimeongeza ile sentensi ya sampuli. Kifungu cha 33 nacho kinataka uhamisho wa hakimiliki unaofanywa kwa makubaliano uwe kwa maandishi yenye sahihi ya anayehamisha, kwa hiyo kiongozi wa kikundi asisaini peke yake kwa niaba yenu bila idhini ya maandishi. Kampuni ikiikataa sampuli nzima, ombeni video ya sekunde 30 na mchoro mmoja uliokamilika. Kitabu kikishafika dukani, sioni mchapishaji atapoteza nini kwa hilo.