Kabla ya Kung'oa Platini za Triumph

Swali limekuja tena: pikipiki ya Triumph 650 ya 1969 imefungiwa Boyer (kisanduku cha elektroniki cha kuwasha cheche), asubuhi inawaka vizuri, barabarani inamisi, na sasa mwenyewe anataka kurudisha platini, vile viguso vya zamani vya kukata umeme wa cheche. Kisanduku kinalaumiwa bure.

Platini husamehe. Betri ikichoka bado zinakufikisha nyumbani. Elektroniki haina huruma hiyo: volti zikianguka, cheche inatoka wakati si wake na kiki inakurudia mguuni. Kwa hiyo anza na betri. Ikijaa na kupumzika, isome volti 12.6 hivi. Vile viungo vya kuchomeka vya zamani, vilivyoota kutu ndani ya mpira, vikate uweke vipya.

Kumbuka, kwenye Triumph hizi ethi, yaani upande wa betri unaofungwa kwenye fremu, ni chanya. Waya mwekundu wa kisanduku upeleke kwenye chanya ya betri, usiutegemee kwenye fremu iliyopakwa rangi. Aliyezoea za Kijapani hugeuza waya, na kisanduku kinakufa papo hapo.

Koili nazo, zinazotengeneza umeme wa cheche. Kwa platini kila koili ilijitegemea na volti 12 zake. Boyer inapiga plagi zote mbili kwa pamoja, koili zikiwa zimeungwa kwa kufuatana, hivyo zinatakiwa mbili za volti 6. Ukiacha za 12, kila moja inapata nusu na cheche inakuwa hafifu.

Kama ndiyo kwanza unafunga Boyer, kile kifaa chenye vizito na springi nyuma ya platini kimebana kwenye koni ya kemshafti. Usikigonge! Toa bolti yake ya katikati, ingiza nyingine nene inayoingia kwenye uzi wa kifaa chenyewe, kaza, kitaachia.

Taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, ya kuanzia ipange pistoni ikiwa digrii 38 kabla ya kufika juu, kisha imalizie kwa taa ya stropu, inayomweka kila cheche inaporuka, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Kupanga kwa sikio kwenye sailensa ndiko kunakotoboa pistoni.

Ikimisi, chomoa waya mbili za sahani ya pikapu, ile iliyokaa mahali pa platini na kukipa kisanduku ishara. Plagi zikiwa zimegusa hedi na swichi imewashwa, gusanisha ncha zinazotoka kwenye kisanduku. Cheche zikiruka, kisanduku ni kizima. Rudi kwenye waya za sahani. Mtikisiko hukata shaba ndani huku ganda likibaki zima. Vuta kila waya polepole: ukirefuka kama mpira, umekatika hapo.