Shirikisho la 1963 lingeendeshwaje?

SWALI: Naandika hadithi ambamo Kenya, Uganda na Tanganyika zinaungana kweli mwaka 1963. Rais nimeshampata, mji mkuu pia, ila bunge na mgawanyo wa madaraka vimenishinda. Nianzie wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Anza na hela, ndugu msomaji. Rais mwache kwanza.

Tamko la Nairobi la tarehe 5 Juni 1963, lililotiwa saini na Nyerere, Kenyatta na Obote, lilikusudia shirikisho lisimame kabla ya mwaka kwisha. Wakati huo reli, bandari, posta na simu vilikuwa tayari chini ya chombo kimoja cha huduma za pamoja, EACSO, na shilingi ilikuwa moja. Kwa hiyo serikali yako inarithi ofisi, makarani na magari moshi. Inachokosa ni kodi yake yenyewe.

EACSO ilitegemea mfuko wa pamoja: asilimia 40 ya kodi ya mapato ya kampuni za viwanda na fedha, na asilimia 6 ya ushuru wa forodha na wa bidhaa. Nusu iliendesha huduma, nusu ikagawiwa nchi tatu sawasawa. Tuseme mfuko una shilingi milioni 60: milioni 30 zinakwenda kwenye huduma, kila nchi inapata 10. Kenya yenye viwanda vingi inachangia zaidi na kupokea sawa na wenzake. Ugomvi wa hadithi yako umelala hapo. Serikali yenye jeshi haiwezi kuishi kwa nusu ya mfuko huo. Ipe ushuru wa forodha wote, na hesabu ya kuzirudishia nchi sehemu yake iandikwe ndani ya katiba. Ukimwachia waziri wa fedha aamue, kila bajeti itazua mgogoro.

Kisha andika orodha ya mambo ya shirikisho. Ulinzi na sarafu havisumbui. Yaliyokwamisha mazungumzo yenyewe ni mambo ya nje, uraia, na nani aruhusiwe kukopa nje. Tanganyika na Uganda zilikuwa na viti Umoja wa Mataifa, je, zinaviachia? Amua pia jambo lisilotajwa popote kwenye orodha ni la nani: shirikisho au nchi. Wengi hulisahau hili.

Bunge sasa. Sensa zilihesabu Kenya watu milioni 8.6 (1962), Tanganyika 8.8 (1957), Uganda 6.5 (1959). Mbunge mmoja kwa watu 100,000 ni viti 86, 88 na 65. Wawili wakiungana, Uganda inashindwa kwa 174 dhidi ya 65. Utasema uweke Seneti ya viti sawa, 12 kila nchi. Haitoshi: bado ni 24 kwa 12. Dawa ni kwamba mgawo wa hela na marekebisho ya katiba yapite tu iwapo wengi wa maseneta wa kila nchi, wakihesabiwa peke yao, wamekubali.

SWALI: Na Zanzibar?

JIBU: Haimo katika saini za Juni, uhuru wake ni wa tarehe 10 Desemba 1963. Ilikuwa na watu wapatao 300,000, yaani wabunge 3, lakini kwa kanuni ya Seneti iliyotajwa hapo juu ina maseneta 12 na uwezo wa kuzuia mgawo wa hela wa nchi zote. Afadhali kura yake ya kuzuia iishie kwenye mambo yake, kama ushuru wa karafuu.

SWALI: Majimbo ya Kenya na Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda, niyafute?

JIBU: Hapana, yalikuwapo kikatiba. Kenya ilikuwa na majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, na Seneti ya watu 41. Buganda nayo ilikuwa na mfalme wake, Kabaka, na bunge lake, Lukiiko, kwa hiyo unajenga shirikisho ndani ya shirikisho. Jaribu katiba yako kwa mtu mmoja: mwalimu wa shule ya msingi Masaka, ndani ya Buganda. Mshahara wake unatoka Mengo (serikali ya Buganda), Kampala (serikali ya Uganda) au serikali ya shirikisho? Ukichelewa, anamshtaki nani, katika mahakama gani? Usipoweza kujibu kwa neno moja, rudi kwenye orodha.