Usilipe hilo boksi la waya wa mtandao kabla hujaukwarua

Simamisha malipo. Kama hela iko mfukoni iache hapohapo, na kama umeshatanguliza nusu, mwambie muuzaji umepata dharura, utamrudia.

Umeandika kwamba kompyuta ya steshenari, iliyo jengo jingine na kufikiwa kwa waya wa mita 40 unaopita nje kutoka kwenye ruta iliyo sebuleni, inakata mtandao wakati wowote inaojisikia. Ukiuchezesha waya kwenye kichwa, mtandao unarudi. Simu zinazotumia Wi-Fi pale sebuleni hazina shida. Fundi kakwambia ruta imechoka, ununue nyingine, uweke na swichi (kile kiboksi cha kugawa mtandao) katikati "ya kusukuma nguvu", na kwa wema wake kakuonyesha boksi la waya la ofa huko Mwanjelwa, hapa Mbeya, nusu ya bei ya maduka mengine.

Ruta haijachoka. Ruta iliyochoka haiponi kwa kutikiswa waya. Na swichi ya katikati ya nini? Waya wa mtandao wa kawaida, wa daraja la Cat5e au Cat6, unaruhusiwa kufika mita 100 toka chombo hadi chombo. Wewe na mita zako 40 hujafika hata nusu. Hiyo swichi itakuwa chombo kingine cha kutafutia umeme chini ya mparachichi.

Mchawi wako, kwenye waya uliofungwa na pengine kwenye hilo boksi la ofa pia, ni alumini iliyovikwa shaba. Kwenye boksi huandikwa CCA pale mtengenezaji anapokuwa na aibu kidogo. Asipokuwa nayo anaandika Cat6 kwa herufi kubwa na kukuachia mengine uyagundue mwenyewe. Kila uzi kati ya zile nane za ndani ya waya ni alumini katikati, na juu yake ngozi nyembamba ya shaba. Kwa macho unaona shaba, kwa bei unaona baraka. Viwango vya waya wa mtandao vinataka shaba tupu, kwa hiyo waya wa namna hii haustahili kuitwa Cat5e wala Cat6, hata ungeandikwa kwa dhahabu.

Ubaya wake ni kwamba hauharibiki siku fundi yupo. Siku ya kwanza taa zinawaka, spidi ni nzuri, mnapeana mikono. Ndani ya kichwa cha RJ45, kile cha plastiki unachochomeka kwenye kifaa, kuna meno manane yanayouma kila uzi. Jino likiuma, linaikwangua ile ngozi ya shaba na kugusa alumini. Alumini ikikutana na hewa inajifunika ukoko mwembamba usiopitisha umeme vizuri. Zaidi ya hapo, alumini ikibanwa muda mrefu inalegea taratibu pale ilipobanwa, na inatanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi kuliko shaba. Sasa weka hilo Mbeya, Juni na Julai, usiku wa kutetemeka na mchana jua kali juu ya bati. Baada ya wiki au miezi jino linaugusa uzi kwa mazoea tu. Unatikisa kichwa, unarudi. Mlango wa duka ukibamizwa, unakata. Fundi akiitwa unafanya kazi, kama jino la mtu linaloacha kuuma akifika hospitali.

Halafu alumini haipendi kukunjwa. Ukiupitisha waya kwenye kona ya dirisha, ukauvuta kwa nguvu au ukaukunja mara chache palepale, uzi unakatika ndani ya ganda zima kabisa. Nje huoni kitu. Ndiyo maana watu hubadilisha ruta, kisha kadi ya mtandao, kisha Windows, kisha mtoa huduma, na waya ukiwa umelala pale ukutani ukiwacheka.

Naujua mpangilio huo kwa bei ya kila hatua, tuishie hapo. Nilichobaki nacho ni hasira kwa wauzaji wanaosema "waya ni waya, mkuu". Ukimbana zaidi atakupa fizikia: kwamba mawimbi ya kasi hupita juujuu ya uzi, kwa hiyo shaba ya juu inatosha. Nusu ni kweli, na ndiyo nusu inayouza. Mawimbi ya kasi sana hukimbilia pembeni, lakini yale ya chini huzama hadi kwenye alumini, na hakuna fizikia inayozuia ukoko kwenye meno wala uzi kukatika. Na siku utakapotaka kuupeleka umeme wa kamera kwenye waya huohuo, ukinzani wa alumini utaula umeme njiani na kuugeuza joto. Mtu anayejua hayo na bado anakuuzia kama Cat6 ya shaba, huyo si muuzaji, ni mvuvi.

Sasa sheria yangu, na ni moja tu: KWARUA KABLA HUJALIPA. Nenda na wembe. Omba ncha ya waya, vua ganda la nje, vua na plastiki ya uzi mmoja, halafu kwangua ule uzi polepole upande mmoja hadi uone kilicho ndani. Ukiendelea kuona wekundu wa shaba hata ukikwangua nusu ya uzi, sawa. Ukitokea weupe kama wa sufuria, aga uondoke. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati: hiyo ni nyeupe nje na nyekundu ndani, na ni halali. Haramu ni nyekundu nje, nyeupe ndani.

Muuzaji akikataa wembe, umeshapata jibu bila kukwarua.

Kama bado una shaka, chukua kiberiti cha gesi. Shika uzi mtupu kwa koleo na uunguze ncha sekunde kadhaa. Shaba inawaka wekundu na kubaki wima, maana inayeyuka kwenye nyuzijoto 1,085. Alumini inayeyuka kwenye 660, kwa hiyo ncha inalegea, inajikunja, wakati mwingine inadondoka. Beba na sumaku ndogo ya spika mbovu pia, kwa sababu kuna mwizi wa daraja la pili: chuma kilichovikwa shaba. Sumaku ikinasa uzi, hata usijisumbue na kiberiti. Ila sumaku isiponasa haikuambii kama ni shaba, kwani alumini nayo hainaswi.

Uzito nao unasema. Shaba iliyomo kwenye boksi la Cat5e la mita 305, lenye nyuzi za unene wa 24AWG, inakaribia kilo 4 na nusu, bila kuhesabu plastiki. Alumini iliyovikwa haifiki kilo 2. Nyanyua boksi la ofa kwa mkono huu na boksi la bei ghali kwa mkono ule. Kilo mbili na nusu za tofauti hazihitaji mzani. Na kwa kuwa wewe unataka mita 40 tu, kwa nini ununue boksi? Nunua mita 50 za shaba za kukatiwa, hela itakayobaki ni yako. Hesabu mita zilizochapwa kwenye ganda, toa namba ndogo kwenye kubwa, usikubali kupimiwa kwa mikono iliyonyooshwa.

Kwa waya uliokwisha kufungwa ukutani kuna njia ya multimita. Chomoa ncha zote mbili kwenye vifaa. Upande wa mbali, sokota pamoja uzi wa chungwa na mwenzake mweupe-chungwa. Upande huu pima omu (ukinzani) kati ya hizo mbili, ukiwa umeshagusanisha ncha za multimita zenyewe na kutoa hizo omu zake chache. Kwa mita 40, umeme unakwenda na kurudi mita 80: shaba ya 24AWG itasoma kama 6.7. Ikisoma 10 na zaidi, ama ni alumini, ama ni shaba nyembamba kupita kiasi, ama kuna kiungo kibovu njiani. Zote tatu dawa yake ni moja: waya mpya. Namba ikirukaruka ukitikisa waya, usipime tena, umeshampata.

Kabla ya hayo yote hakikisha kwamba hatumsingizii huyo waya. Beba kompyuta ya steshenari, au laptopu yoyote yenye tundu la mtandao, mpaka sebuleni. Tumia ule waya mfupi uliokuja kwenye boksi la ruta. Chomeka kwenye matundu yaliyoandikwa LAN, sio lile la WAN, la kuingizia intaneti, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti. Watu wengi huchomeka humo halafu wanailaumu serikali. Fungua dirisha la amri la Windows, andika ipconfig, soma namba iliyo mbele ya Default Gateway, ndiyo anwani ya ruta. Tuseme ni 192.168.1.1. Kisha andika:

ping -n 200 -l 1400 192.168.1.1

Kwa waya mzuri vifurushi vyote 200 vya data unavyoitumia ruta vinarudi, na muda unasoma milisekunde 1 au chini yake. Rudisha kompyuta steshenari, chomeka waya mrefu, rudia amri ileile huku mtu mwingine akitikisa waya taratibu kuanzia kichwa kimoja, kona hadi kona. Pale anaposhika na wewe ukaona "Request timed out" ndipo pameoza. Ukikuta namba ya kompyuta inaanza na 169.254, maana yake imeomba anwani kwa ruta ikakosa jibu. Kwa dalili zako hizo bado tuko kwenye waya.

Angalia pia spidi ya kiungo: mipangilio ya mtandao ya Windows, Ethernet, shuka hadi Link speed. Kama ruta na kompyuta zote ni za gigabiti na unasoma 100 badala ya 1000, kuna jozi iliyokufa, yaani nyuzi mbili zilizosokotana. Megabiti 100 zinahitaji jozi mbili tu, nyuzi za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Kwa hiyo bluu au kahawia ikikatika, vifaa vingine vinashuka hadi 100 kimyakimya, na vingine vinakubaliana gigabiti kupitia zile jozi nzima, vinashindwa, vinaanza upya, vinashindwa. Huko ndiko kukata na kurudi unakokuona. Ukiilazimisha kadi kwenye 100 na mtandao ukatulia, umethibitisha. Halafu irudishe Auto. Ukiiacha imelazimishwa upande mmoja, ruta itadhani inaongea na kifaa cha kizamani, wote wataanza kukatishana maneno.

Na hapa nina neno na yule fundi. Kile kipimo chake chenye taa nane zinazowaka moja moja hakipimi ubora. Kinauliza tu kama uzi umefika upande wa pili. Hata uzi unaogusa kwa unywele unapita. Kibaya zaidi, fundi akipanga rangi jozi kwa jozi kwa jinsi zinavyopendeza machoni (chungwa zote, kijani zote, bluu zote, kahawia zote) ncha zote mbili, taa nane zitawaka vizuri kabisa na waya ni mbovu. Nafasi ya 3 na ya 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotana. Mpangilio ni huu, ukishika kichwa meno yakikutazama na ulimi ukiwa nyuma, kushoto kwenda kulia: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili vilevile. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa hadi libanwe. Ukiona nyuzi za rangi zimechungulia nje ya kichwa, kata, anza upya.

Ukiweza, usibane vichwa kabisa kwenye waya mrefu. Malizia kila ncha kwenye soketi ya ukutani, halafu tumia waya mfupi wa kiwandani kufika kwenye kifaa. Ule mrefu unabaki umetulia, unaotikiswa ni ule mfupi wa kubadilishwa.

Kwa kuwa unapita nje, ganda liwe jeusi la nje, sio lile la kijivu la ndani. Jua letu la mwinuko huu linalipasua na mvua inaingia. Acha waya ushuke kidogo chini ya tundu la ukuta kabla ya kupanda kuingia, maji yadondokee hapo. Na radi: kuanzia Novemba mpaka Aprili ikianza kunguruma, chomoa waya wa mtandao pia, ncha zote mbili, sio plagi ya umeme peke yake. Shaba ya kati ya nyumba mbili ni mkono ulionyooshwa. Ukitaka kulala usingizi, kipande hicho weka faiba na vigeuzi viwili, kimoja kila nyumba; kioo hakipitishi umeme wa radi.

Lakini faiba baadaye. Kesho asubuhi pita kwanza dukani na wembe, uje utuwekee hapa picha mbili: maandishi ya ganda, na uzi uliokwaruzwa kwa karibu, mchana, sio kwenye taa ya ndani maana chini ya taa ya njano hata alumini inaonekana shaba.